Kimbunga Kikinyamaza

Jumanne, 13 Januari

Shule, soko, sombe ya majani ya mihogo, tena shule. Leo nimefundisha vimbunga. Wanafunzi wangu wa Kolwezi hawajaiona bahari. Mwalimu wao pia hajaiona. Maji makubwa niyajuayo ni ya bwawa la Nzilo. Nimewaambia: bahari ikifika joto la digrii ishirini na sita, ishirini na saba hivi, mvuke unapanda, hewa nyingine inakimbilia nafasi yake, dunia inaizungusha. Bahari ikizidi joto, kimbunga kinazidi kushiba. Ubaoni nimeandika Kifaransa, kichwani naota kwa Kiswahili.

Baba Zaina ameshusha shaba ya lori lake Beira, Msumbiji. Mume wangu anaiona bahari kila safari na hajaniletea hata hadithi moja ya maana. Mchoyo huyo.

Alhamisi, 15 Januari

Januari bila mvua! Mahindi nyuma ya nyumba yamejikunja. Redio inasema kimbunga kimezaliwa kati ya Madagaska na Msumbiji, kinaelekea Beira. Labda ndicho kinachotunyang'anya mawingu. Nimekaa kibarazani nikiyaona yakienda mashariki polepole, kama ng'ombe waendao kunywa. Nusu saa nzima niko nayo. Uzuri mtupu.

Halafu nikakumbuka yanakoenda. Nikaogopa.

Ijumaa, 16 Januari

Amepiga simu. Yuko kwenye uwanja wa malori karibu na bandari, amepakia salfa ya kuleta migodini kwetu, wameambiwa walale ndani ya ghala. Akacheka.

"Mvula ni mvula, mama Zaina. Ikikatika tu, minatoka kuangaria bitu byangu."

Simu ikakatika. Kwetu ndivyo tulivyo. Mvua ya Katanga ikikatika imekwisha, na milango yote inafunguka: mama wa makaa anafunua magunia, wachimbaji wanarudi mashimoni, madereva wanapanda kukaza turubai. Hakuna anayengoja. Lakini kimbunga kina jicho. Jicho likipita juu yako, upepo unalala, pengine hata jua linatoka. Kisha unakuja upande wa pili, upepo umegeuka, mkali kama ule wa kwanza. Atatoka. Namjua. Turubai kwake ni kama mtoto mchanga.

Nimemtumia sauti: "Baba Zaina, mvula ikinyamaza, usitoke. Haiyaisha. Iko katikati."

Alama moja tu kwenye simu. Haijamfikia.

Jumamosi, 17 Januari

Alama moja.

Redio: kimepiga. Beira haina umeme wala mtandao. Mama mkwe yuko kwenye mswala tangu alfajiri. Mimi nakatakata sombe ambayo hakuna atakayeila.

Tunachimba kobalti hapa, inakwenda kwenye betri za magari ya watu wa mbali, ili dunia isizidi joto. Na joto hilohilo limekwisha ingia baharini, limeamka, limemfuata mume wangu. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Mchana nikasinzia kitini. Nikaota bahari. Ilikuwa kimya, buluu, na katikati yake lango limefunguka. Baba Zaina akapita, mkavu bila tone, akipiga mluzi. Nilipiga kelele. Sauti haikutoka.

Jumatatu, 19 Januari

Mzima! Alhamdulillahi, mzima. Amenipigia nikiwa darasani.

Sauti yangu hakuipata. Na alitoka, kichwa ngumu huyo. Anasema upepo ulizimika ghafla, anga likafunguka juu kama kisima, na ndege wa baharini walikaa juu ya turubai wamechoka, hawamkimbii. Akaweka mguu kwenye tairi ili apande. Ndipo akatazama nyumba za jirani. Hakuna mlango uliofunguka. Hata mtoto hakuchungulia.

"Nikasema, bale ndiyo benye mvula yao."

Kama wenyeji hawatoki, basi haijaisha: akashuka, akarudi ghalani. Haukupita muda, upepo ukaja kutoka upande mwingine, ukalaza lori la jirani, ukang'oa turubai la Baba Zaina na mikanda yote. Angekuwa juu yake.

Nimelia mbele ya darasa zima. Sikuona haya. Hawakucheka.

Jumapili, 8 Februari

Yuko nyumbani. Amekonda. Analala sana, na Zaina amelala kifuani pake.

Jioni nilimuuliza, hatimaye, bahari ikoje. Nilitegemea ukubwa, mawimbi, rangi. Akasema siku moja kabla ya upepo alivua viatu, akaingia hadi magotini.

"Maji ilikuwa ya moto, mama Zaina. Ya kuogesha mutoto."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayesifu. Nikakumbuka nilichoandika ubaoni. Nje mvua yetu imerudi, inanyesha taratibu juu ya mabati, na mahindi yameinuka kidogo.

Kesho anapakia shaba tena, ya Beira. Nimemfulia mashati. Bahari haipoi mwezi wa pili.