Nilisema Naweza

Jumanne, 10 Oktoba 2023

Keshokutwa mpimaji anakuja. Kila mwaka anakuja kuangalia naweza nini, siwezi nini, halafu wakubwa wa mpango wa misaada wanaamua msaidizi wangu Toua akae na mimi muda gani. Naogopa tangu asubuhi. Toua kanicheka — bosi gani anaogopa mgeni!

Bosi wake ni mimi kweli. Mpango wenyewe ndivyo ulivyo, msaidizi unamtafuta mwenyewe. Nilimhoji hapa hapa mezani. Nikamwuliza, samaki wa kukaanga wa Ijumaa unapenda? Akasema nani hapendi. Basi, kazi kapata.

Kabla ya hapo, mama alipofariki, walinipeleka kwenye nyumba ya wengi, ya watu wa kuangaliwa kama mimi. Friji ina kufuli. Taa zinazimwa hata mechi haijaisha. Ukilia wanaandika. Sirudi kule. Bora ni— hapana, nisiandike hivyo.

Nimesugua jiko mpaka linang'aa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Amekuja! Bi Lindqvist. Viatu kavua mlangoni bila kuambiwa. Sauti ya taratibu. Unaoga mwenyewe? Naweza. Unavuka barabara? Naweza. Dawa? Naweza. Kupika? Naweza! — nikamkaangia mayai pale pale na wala hayakuungua. Kila nikisema naweza anatabasamu. Shuleni ilikuwa hivi hivi. Ukiweza unabandikwa nyota kifuani, usipoweza unarudi kukaa.

Sikusema kila siku anayezima jiko ni Toua, mimi nasahau. Kauliza kifafa mara ya mwisho lini. Nikasema zamani. Ilikuwa Jumapili hii iliyopita. Niliona haya, mgeni mzuri vile.

Toua kakaa kwenye kona, kimya. Ndiyo sheria, mwenye maisha ndiye anayesema, msaidizi haingilii. Alikuwa anaangalia soksi zake. Mgeni alipoondoka nikamwuliza, vipi, nimefanyaje? Kasema mayai yalikuwa mazuri, bosi.

Jumatatu, 23 Oktoba

Bi Lindqvist kapiga simu. Hongera, Emmett! Eti nimepiga hatua kubwa, sasa najitegemea. Nikarukaruka. Nikamwita Toua, njoo usikie, nimefaulu! Nikaweka sauti kubwa.

Toua kasikiliza. Kauliza kitu kimoja, kwa hiyo mimi nabaki na asubuhi tu? Bi Lindqvist kasema ndiyo, Emmett hahitaji zaidi ya hapo. Mimi bado nacheka. Simu imekatwa, bado nacheka, mjinga mimi!

Toua kakaa kwenye ngazi. Kasema bosi, asubuhi tu hailishi watoto watatu. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kusema.

Jioni nani atazima jiko? Kifafa kikija nani atanigeuza ubavu?

Jumanne, 24 Oktoba

Sijatoka kitandani. Toua kaleta supu ya kuku ya mke wake, ile ya majani. Imepoa hapo. Sijala.

Ijumaa, 27 Oktoba

Tumekwenda kula samaki. Yule mama anayehudumu katutania kama kawaida — haya, maharusi wangu, chewa au sangara? Toua kajibu chewa, bwana harusi ndiye anayelipa. Watu wakacheka. Mimi samaki sikummaliza.

Njiani kaniambia kiwanda cha jibini kinatafuta watu wa zamu ya jioni. Wamempa mpaka mwisho wa Novemba aamue. Kaniambia sasa ili nisisikie kwa mtu mwingine. Nikasema sawa. Mimi kila kitu nasema sawa.

Jumapili, 5 Novemba

Dada Karin kaja. Kaanza kufoka koti hajavua.

"We Emmett! Nani kakutuma kukaanga mayai?"

Nikamwambia si wewe? Si wewe na mama, tangu mdogo, wageni wakija onyesha unaweza? Kavua koti. Macho mekundu.

Kakata rufaa. Atakuja mpimaji mwingine na safari hii nitasema siwezi. Tukafanya mazoezi, yeye ndiye mpimaji. Unaoga mwenyewe? Siwezi. Hata sikusikii! SIWEZI! Toua kaingia na mifuko ya dukani, kauliza mnaigiza sinema gani hapa. Tukacheka kidogo. Mara ya kwanza tangu ile simu.

Halafu Karin kauliza habari ya kukojoa kitandani. Toua akatoka nje, kaacha maziwa mezani. Kweli huwa inanitokea kifafa kikija usiku. Ila kusema! Mbele ya mtu!

Karin kasema siyo uongo, mdogo wangu. Msimulie siku zako mbaya tu, nzuri ziache. Sasa nimekaa nazikumbuka siku mbaya, moja moja. Kumbe ni nyingi. Toua alikuwa anasafisha, tunakunywa chai, mimi nasahau. Sasa zote zimerudi, zimekaa na mimi hapa.

Alhamisi, 16 Novemba

Yuko jikoni sasa hivi. Bwana Oberle, mpimaji mpya. Kaja na kofia ya rangi ya chungwa ya wawindaji, Jumamosi msimu wa kulungu unaanza. Naandika haraka. Nimewaambia nahisi baridi, nakuja chumbani kuchukua sweta.

Nimesema siwezi. Kuoga siwezi. Jiko siwezi. Barabara siwezi. La kitanda nalo nimesema, mbele ya watu wote, masikio yakawaka moto. Karin ananiitikia kwa kichwa kama mtoto anayesoma vizuri. Kuvaa nguo? Siwezi — hilo uongo, lakini ulimi ulishazoea. Toua kainama, mikono katikati ya magoti.

Halafu yule bwana kaweka kalamu chini. Kwa upole kabisa. Basi Emmett, kama yote haya huwezi, huoni utakuwa salama zaidi kwenye nyumba yenye watu wa kukuangalia usiku na mchana? Kuna nafasi moja, kasema. Kaitaja. Kule kule!

Karin kafungua mdomo. Yule bwana kanyanyua mkono — samahani, namsikiliza Emmett.

Nikisema naweza, Toua anakwenda kiwandani. Nikisema siwezi, naondoka mimi. Mazoezi yetu hayakuwa na swali hili. Kuna neno la katikati, lazima lipo, naweza akiwepo mtu. Lakini ni refu, nikianza kulisema mbele ya mgeni linakatika.

Huko jikoni nasikia wanakoroga chai. Kijiko tu kwenye kikombe. Karin kaniita. Sasa Toua, polepole — bosi, tunakusubiri.

Sweta nimeshalivaa. Nimelivaa bila kufikiri, vifungo vyote, mpaka shingoni. Nikitoka nalo ataona kuvaa naweza. Nimejaribu kulivua. Kifungo cha juu hakitoki. Kweli hakitoki. Mtu anakuja, siyo hatua za Toua wala za Karin—