Watatu Waliokataa Kununua Bila wa Nne

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam aleikum. Huku Guangzhou sote wazima. Bibi yako amenenepa, ila usimwambie nimesema mimi.

Umeuliza kwa nini nchi za Melanesia, vile visiwa vya watu weusi kule Pasifiki, ziliungana. Hapo umempata mwenyewe. Dunia naijua kuliko mwalimu wako!

Nilipokuwa bado na nywele, kiwanda kimoja cha hapa kilinikatalia oda yangu ya mashati, eti ndogo, nikawa napiga kelele. Pale pale wakaingia watu weusi wanne, nikadhani Waafrika wenzangu, nikawasalimia kwa Kiswahili, wakacheka. Watatu walitoka Papua Guinea Mpya, Vanuatu na Visiwa vya Solomoni. Wa nne Kaledonia Mpya, inayotawaliwa na Wafaransa. Walikuwa wameunganisha oda zao ili zifike kiwango.

Bosi akasema, "Ninyi watatu sawa. Huyu Mfaransa alipe bei ya Wafaransa."

"Huyu ndugu yetu," wakajibu, wakashika njia ya mlangoni wote wanne. Bosi akawakimbilia, akakubali bei moja kwa wote.

Na nchi zao ziliungana kwa hilo hilo, mama: wadogo wafanye biashara na kusema pamoja, na ndugu asiyepata uhuru asiachwe nje.

Yule wa Vanuatu akanigeukia. "Na wewe mpiga kelele, mashati yako mangapi? Leta, tuyaunganishe na yetu."

Babu yako anayekupenda,
Makame