Nimejifungia kwenye behewa la kuku

Enid shoga, shika simu. Niko kwa kaka yako Norris, ndani ya banda lake la kuku, na sitoki.

Nilipita kupiga picha tu. Unajua ninavyosaka mabaki ya reli yetu tangu ing'olewe: nguzo, geti, mawe ya stesheni. Banda lake ndilo behewa la mwisho lililobaki. Nikapitisha simu juu ya ua wa michongoma.

Akatokea na ndoo. "Wewe Thelma, hizo picha unampigia nani?"

Ulimi wangu huu. Nikamwambia, "Halmashauri, bwana. Wanatafuta mabanda yasiyo na kibali."

Utani, Enid. Utani mtupu.

Akaweka ndoo chini, akaenda stoo, akarudi na shoka. "Basi wakija hawalikuti." Akang'oa mbao mbili huku namtazama. Behewa lililotupeleka shule mimi na wewe!

Nikakiri kwamba nimedanganya. Hakuamini. "Ndivyo wanavyowafundisha kusema." Mimi, nifundishwe na nani?

Ndipo nikaingia, nikakaa katikati ya kuku, nikafunga mlango.

Sasa anazunguka nje na shoka lake. "Toka, mama, nimalize kabla ya chai."

Nimemwambia avunje na mimi nimo. Anagonga mbao kwa mpini wa shoka, anatafuta iliyolegea.

Njoo, wewe dada yake atakusikia. Mwambie mimi ni mwongo. Mwambie umenijua hivyo miaka sabini.