Fundi wa Flash

Jumapili.

Fundi wa flash! Hivyo ndivyo baba mdogo alivyonitambulisha leo mbele ya wakwe, tulipokwenda kumposa Aline.

Nimemweleza mara ngapi? Naandika dereva ya USB, yaani programu, ya mfumo mpya wa kompyuta, ili kompyuta itambue kitu ulichochomeka. Juzi nilibonyeza klavye niliyoichomeka, herufi moja ikatokea kwenye skrini, nikalia kwa furaha peke yangu.

Baba yake Aline akafurahi, akatoa flash mfukoni. "Mukwe, hii imekufa. Iko na picha za marehemu mama yake Aline."

Nimeichomeka kwenye mashini yangu. Dereva yangu haiioni kabisa. Nimeipeleka kwa jirani, kompyuta yake ya zamani imeifungua palepale.

Kesho nitairudisha, na watanisifu: kumbe ni fundi kweli.