Vanishi Juu ya Maandishi ya Mama

Tukuyu,
16 Aprili 2024

Mpendwa kaka Ambwene,

Ugonile, kaka. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Morogoro. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu, ila mvua ya mwaka huu haina adabu, nguo za Jumatatu zinakauka Ijumaa. Usishangae kuletewa barua ya kalamu zama hizi. Baba siku hizi humpa Hellen wa jirani simu yangu, ambayo tunaitumia wote, amsomee meseji zote, na haya sitaki asomewe.

Ulisikia kwamba kanisa letu la zamani la Lufingo limebomolewa ili lijengwe kubwa zaidi. Wazee wa kanisa waliniomba, kwa kuwa nina duka la kuchapisha, nitengeneze mfano wake wa karatasi ukae ndani ya kanisa jipya. Nilikubali kwa ajili ya baba. Kila tofali la pale alilipanga yeye, na kwenye ukuta wa dirishani ndipo mama, plasta ikiwa bado mbichi, alipoandika kwa msumari: "Bwana, walinde Ambwene na Atupele." Tangu mama atutoke, hatuna mwandiko wake mwingine popote.

Basi siku moja kabla ya kubomoa nilipiga picha kuta zote, nikazichapisha, tayari kuzibandika juu ya maboksi. Wino wa printa yangu ukipata unyevu tu unatiririka, na hapa Tukuyu unyevu ndio hewa tunayovuta. Kwa hiyo lazima karatasi ipate vanishi, tena isiyong'aa, maana ukuta wa plasta ukimetameta kama sahani ni kichekesho. Fundi Meshaki wa fanicha aliniuzia vanishi ya maji, akanionya ninyunyize kidogo kidogo kwa chupa, nisubiri ikauke, ninyunyize tena, na brashi nisiiguse kabisa.

Jamani, mdogo wako na haraka zake! Nilichukua brashi. Nikaanza na ukuta wa mama, kwa kuwa ndio niliotaka ukingwe kuliko zote. Wino ukakimbia, maandishi yakawa tope la zambarau. Nikakimbilia simu, kumbe picha zote nilishazifuta baada ya kuchapisha, kwa sababu simu ilijaa. Na kanisa lenyewe lilikuwa kifusi. Nililia kama mtoto, kaka.

Pamoja na hayo mfano uliisha wiki iliyopita, na baba alikuja dukani kuuona. Kwa huo mtoto wa jicho alionao, aliinama mpaka pua ikagusa karatasi. Akasema ule ni mwandiko wa mama kabisa, hakuna mwingine anayeandika vile. Amekwishawaambia wazee kwamba Jumapili ya uzinduzi, tarehe 28, atasimama mbele ya watu wote ashuhudie kwamba ni wa mama. Ameshaazima na suti.

Kaka, ule si mwandiko wa mama. Ni wangu. Nilitoa nakala ya ile karatasi ya ukuta mtupu wa upande wa pili, nikaandika maneno yale kwa penseli, nikiiga nilivyokumbuka. Safari hii nilimtii Meshaki. Nilinyunyiza mara nne, na kila mara nikaanika siku nzima juu ya jiko la kuni. Baba alilia pale dukani, machozi yakadondokea ukutani. Akaogopa kwamba ameuharibu, akaupangusa upesi kwa mkono wa koti. Haikutoka hata nukta. Wa mama niliufuta mwenyewe, wangu umegoma kufutika.

Siwezi kumwacha mzee asimame kanisani ashuhudie uongo wangu. Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie, mara tatu nikaishia kumuuliza kama amekula. Nakuomba uje kabla ya Jumapili hiyo. Sitaki unisemee, nitasema mwenyewe. Wewe kaa tu karibu naye, apate mtu wa kumshika.

Nisalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Ndaga, asante sana, kaka.

Ni mimi mdogo wako, mwenye aibu,
Atupele