Sentensi za Mashine Kubwa

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo limebandikwa chumba chetu cha kufulia. Msimamizi anastaafu, atakayeshika nafasi yake lazima afanye mtihani wa Kiingereza. Kiingereza! Miaka kumi na tisa nafua mashuka ya hospitali hii, hakuna shuka lililowahi kunisemesha Kiingereza. Lakini hiki cheo nakitaka.

Jumatano, 5 Machi
Wifi yangu, dada wa mume wangu, kajitolea kunifundisha. Yuko masjala ya hospitali hii hii, Kiingereza anakimwaga tu. Leo jambo lililopita, na jambo lililoanza zamani na bado lipo. Halafu "since" na "for". Kichwa kinagonga! Akasema, wifi, usihangaike, andika unachokijua. Andika kazi yako.

Jumanne, 11 Machi
Kurasa nane! "The big machine has leaked since June." Nimeandika mlango wake unavyogoma na pa kuugonga, mara mbili chini ya bawaba. Nimeandika mashuka yenye damu yanavyolowekwa. Wifi kachukua daftari akasahihishe. Kasema nina akili. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Ijumaa, 14 Machi
Mtihani asubuhi. "Much" na "many" nadhani nimezipata. Mchana usaili. Nikamkuta wifi kwenye benchi — nikafurahi, kaja kunitia moyo.
Akaitwa yeye kwanza.

Jumatano, 19 Machi
Kapata yeye. Karani aliyekuwemo ndani kaniambia: aliulizwa habari za mashine, akajibu bila kusita, mpaka pa kuugonga mlango. Mtu hajawahi kushika shuka bichi! Mume wangu ananiambia nisivunje undugu kwa sababu ya cheo. Undugu upi? Namchukia.

Jumatatu, 24 Machi
Daftari limerudi. Limesahihishwa lote kwa wino mwekundu, hakuruka hata nukta. Na chini: "Hongera, umeendelea sana."

Jumanne, 25 Machi
Mashine kubwa imegoma tangu asubuhi. Wodi ya wazazi hawana mashuka. Wifi kasimama mbele yake na karatasi alizonakili. Kagonga chini ya bawaba mara mbili. Kagonga tena. Meneja kakunja mikono, anatazama.
Mimi nimejifungia stoo, naandikia gotini. Najua tatizo. Bomba la nyuma limezibwa na nyuzi, dakika tano tu linazibuka. Hilo sikuliandika. Sikujua kulisema kwa Kiingereza.
Wale wazazi wamenikosea nini?
Wifi yuko mlangoni pa stoo. Leo ananiita dada. Anagonga — mara mbili, chini ya bawaba.