Zifute Zote

3 Machi

Shikamoo baba,

Habari za huko tangu niondoke msibani? Kifua vipi, bado unakohoa asubuhi? Mimi mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Sihisi kitu, baba. Ni kama ganzi ya daktari wa meno, ila imeshika mwili mzima.

Zile sauti alizokuwa ananitumia mama kwenye simu nimeziokoa, arobaini na moja. Simu ilikuwa inakata roho, nikazihamishia kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali zinazotunza vitu vya watu. Huko siingii mwenyewe, natumia maktaba. Usicheke! Ndivyo tunavyoiita: ni maagizo yaliyokwisha kuandikwa na wenye huduma. Mimi naandika tu "weka", "leta" au "futa", nayo inatekeleza. Niambie unataka nizifanyeje.

Binti yako

20 Machi

Marahaba mwanangu,

Kifua kimetulia, ila dawa ni chungu kama maneno ya shangazi yako. Nimecheka, nisamehe. Miaka thelathini na moja nimekuwa mkutubi, leo naambiwa maktaba iko mawinguni! Vitabu haviloani?

Kuzisikia siwezi kwa sasa, moyo haujakaa sawa. Lakini usiziache hivyo hivyo. Zifute, zote, usiruke hata moja. Ukimaliza niambie.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini dawa umemaliza. Nimefanya ulivyosema. Niliandika mistari minne saa ya chakula, wenzangu wakibishana kuhusu mpira. Maktaba haikuuliza mara mbili. Ilitoa orodha tu: tarehe ya sauti, urefu wake, "imefutwa". Mara arobaini na moja. Nikaosha kikombe changu, nikarudi kitini. Nilidhani nitalia. Wapi!

Binti yako

19 Aprili

Marahaba mwanangu,

Ahsante kwa kuzifuta. Mimi kila Ijumaa nilifuta vitabu kwa kitambaa kikavu, rafu kwa rafu, maana kitabu kikiachwa na vumbi huliwa na wadudu. Mama yako alikuwa akinitania kwamba vitabu naviosha uso kuliko ninavyoosha wangu.

Sasa niko tayari. Fundi redio wa jirani ameniazima spika ndogo. Nitumie hata tatu kwanza. Nataka kumsikia anavyovuta pumzi kabla ya kukugombeza.

Baba yako

30 Mei

Shikamoo baba,

Najua nimechelewa. Barua yako imekaa mezani wiki baada ya wiki, naipita tu. Baba, kwetu sisi kufuta si kupangusa. Ni kuondoa kabisa. Hazipo. Nimewaandikia wenye huduma, wamejibu kwa adabu kwamba nakala ya akiba sikuiomba. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilichobaki nacho ni ile orodha. Nimeiweka humu ndani ya bahasha. Nisamehe, kama unaweza.

Binti yako

14 Juni

Mwanangu,

Leo sina salamu. Nilikaa kitini siku nzima, hata chai sikunywa. Kisha nikakumbuka kazi yangu: kitabu kikipotea, kadi yake haitupwi. Nimekata kadi arobaini na moja.

Mama yako alikuwa anakurekodia hapa kitandani, nami pembeni najifanya nasoma. Kwa tarehe zako nimeandika ninachokumbuka. Tarehe 9 Agosti: sweta, na kwa nini huvai. Tarehe 2 Septemba: amesahau alichotaka kusema, anacheka mpaka mwisho. Kadi arobaini zimejaa, nakutumia.

Iliyobaki ni ya tarehe 11 Januari, ile ya mwisho, dakika nne. Siku hiyo alinituma dukani kununua kiberiti, na kiberiti kilikuwepo. Naona alitaka nitoke. Hiyo uliisikia wewe peke yako. Iandike, unitumie, nami niijaze.

Kosa si lako. Neno nililichagua mimi.

Baba yako

3 Julai

Shikamoo baba,

Natumaini umeanza kula. Kadi zimefika. Nilizisomea kwenye ngazi za ofisi, nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Ile ya tarehe 11 Januari iliingia nikiwa kikaoni. Nikasema nitaisikiliza nikitoka. Kikao kikawa kirefu, nikachoka, nikasema kesho. Kesho yake ukanipigia kuniambia mama hayupo. Baada ya hapo sikuthubutu.

Baba, sikuwahi kuifungua.

Binti yako